Fyuzi ya TAIL kwenye Noah inaungua kila mara: kuchomoa moja moja, testa ya balbu au mita?

Mkwajuni_Noah

Wakuu, habari za saa hizi. Gari ni Noah AZR60, injini 1AZ-FSE. Imekosa taa ndogo za mbele na nyuma, taa za namba na mwanga wa dashibodi, vyote kwa pamoja. Fyuzi ya TAIL, nyekundu ya ampea 10, imeungua. Ikiwekwa mpya inadumu siku moja au mbili, inaungua tena.

Naomba mlinganisho wa mambo mawili. La kwanza ni kutafuta fyuzi iliyokufa: kuchomoa moja moja na kutazama, kutumia testa ya balbu, au mita, ipi ina uhakika? La pili ni cha kurudishia: ya ampea ileile, ya 15 kama fundi mmoja alivyoshauri, zile zenye kitaa kinachowaka zikiungua, au zile zinazojirudisha zenyewe?

Waya_Mbili

Karibu mkuu. Kuchomoa moja moja iwe njia ya mwisho. Kila fyuzi unayoing'oa inalegeza meno ya shaba yanayoishikilia, na kwenye gari la umri huo meno yenyewe yameshachoka. Tena ukichomoa DOME (fyuzi ya taa ya ndani) unapoteza saa na kumbukumbu za redio. Ukichomoa EFI (ya kompyuta ya injini) unafuta kodi za hitilafu ambazo huenda fundi angezihitaji. Na macho yanadanganya. Kiwaya cha ndani kinaweza kupasuka pale kinapoungana na mguu, chini ya plastiki, na wewe juu ukaona kizima.

Testa ya balbu inapima bila kuchomoa chochote. Maboksi ya kuanzia ni mawili: moja chini ya boneti karibu na betri, jingine chini ya dashibodi. Kama hulioni upande wa dereva, shusha kisanduku cha mbele ya abiria uchungulie nyuma yake. Mfuniko umeandikwa kwa vifupisho (TAIL, STOP, HORN, CIG, DOME, ECU-B, GAUGE) hata kama kitabu cha gari ni cha Kijapani kitupu, kwa hiyo piga picha mfuniko kabla hujauweka pembeni.

Bana klipu ya testa kwenye bolti safi ya bodi. Igusishe kwanza kwenye moto (chanya) wa betri kuhakikisha inawaka. Swichi ya ufunguo iwe ON, injini isiwake. Mgongoni mwa kila fyuzi kuna vitundu viwili vidogo vinavyoonyesha chuma; gusa kimoja, kisha kingine. Ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, umeipata. Isipowaka popote, usiilaumu fyuzi: umeme haujafika hapo. TAIL ni mfano mzuri. Inapewa umeme na rilei yake, kwa hiyo usipowasha swichi ya taa hutaona kitu pande zote mbili, na wengi huishia kuhukumu fyuzi nzima.

Dira_Umeme

Nakubaliana na Waya_Mbili, isipokuwa testa ya balbu ina mahali isipopaswa kugusa. Ile ya balbu ya kawaida inavuta umeme wa kutosha kuchokoza kompyuta. Usiichomeke kwenye plagi za njano. Hizo ni za eabegi. Kwenye Toyota ukitaka kufanya kazi kwenye nyaya za eabegi unaondoa hasi ya betri na kusubiri angalau sekunde 90. Kwa maeneo hayo na kwa waya wowote wa kompyuta, mita ndiyo yenye haki.

Mita iweke kwenye volti 20 za DC, waya mweusi kwenye bodi, mwekundu kwenye vitundu vilevile. Usipime kwa mlio wa mwendelezo fyuzi ikiwa bado imekaa mahali pake. Umeme wa mita unazunguka kupitia balbu na vifaa vingine na kurudi upande wa pili, mita inalia, na fyuzi imekufa. Mlio ni kwa fyuzi iliyochomolewa tu.

Mita ina udhaifu wake pia. Waya uliobakiwa na uzi mmoja bado unaonyesha volti 12 safi, kwa sababu mita haivuti karibu chochote. Weka mzigo wa balbu ya wati 21 na volti zinaanguka. Ndiyo maana mafundi waya wazuri wanatembea na vyote viwili.

Kuna kazi moja ambayo mita haina mpinzani: gari likinyonya betri usiku. Iweke kwenye milivolti, funga milango yote, subiri kompyuta zilale, halafu pima kati ya vitundu viwili vya fyuzi ileile. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma 0. Fyuzi ndogo ya ampea 10 ikisoma milivolti 1, inapitisha kama ampea 0.13. Umempata mnyonyaji bila kuchomoa fyuzi na kumwamsha aliyelala.

Mama_Spea

Kabla hujaitupa iliyoungua, ilete mwangani uitazame vizuri. Inasema mengi.

Pengo dogo safi, kiwaya kimeachana kama kimekatwa taratibu na plastiki bado inaangaza: huo ni mzigo uliozidi kidogo kwa muda. Mtu kaongeza taa, au inveta ya wati 150 kwenye soketi ya kiberiti. Hiyo peke yake inavuta ampea 12.5, na ukijumlisha upotevu inakaribia 15, yaani ukomo kamili wa fyuzi ya 15.

Plastiki imekuwa nyeusi ndani, chuma kimerushwa matone matone: hiyo ni shoti. Waya umegusa bodi.

Kiwaya kizima lakini plastiki imeyeyuka upande mmoja wa mguu: hapo fyuzi haina kosa. Meno ya boksi yamelegea, yanapata joto. Ukibadilisha fyuzi tu itayeyuka nyingine. Meno yabanwe au yabadilishwe.

Mkuu Mkwajuni, yako imekaaje?

Mkwajuni_Noah

Nyeusi ndani, na kuna kitone cha chuma kimeganda kwenye plastiki.

Dira_Umeme

Basi shoti. Na kwa kuwa inadumu siku moja au mbili, ni shoti ya kugusa na kuachia: waya uliochubuka unaocheza.

Kisu_Cha_Bluu

Mimi nijibu la pili, maana ushauri wa ampea 15 unachoma magari.

Fyuzi inalinda waya. Fyuzi ya visu ya kawaida (ile yenye miguu miwili bapa) inabeba asilimia 110 ya namba yake kwa saa nyingi bila kukata. Ikifika asilimia 135 inaweza kungoja dakika kadhaa. Ni kuanzia asilimia 200 ndipo inakata ndani ya sekunde 5. Sasa piga hesabu. Ya 15 itaachia ampea 16 zipite siku nzima, na zikifika 20 bado itasubiri. Waya wa taa ndogo ni mwembamba, na umefungwa katikati ya kifungu cha nyaya nyingine usikopata hewa. Ganda linalainika, nyaya jirani zinagusana, na hitilafu ya waya mmoja inakuwa ya kifungu kizima. Waya wa shaba au karatasi ya sigara badala ya fyuzi ni hivyohivyo, ila bila ukomo kabisa.

Zenye kitaa: zinasaidia gizani, lakini kitaa kinawaka kwa kupitisha umeme kidogo kwenye mzigo hadi bodi. Swichi ikiwa imezimwa au balbu imetolewa, hakiwaki hata kama fyuzi imekufa. Usichukulie giza kuwa ni uzima.

Zinazojirudisha: zinakata, zinapoa, zinaunganisha tena, na waya unapashwa joto kila mzunguko. Kwa dakika chache za kutafuta hitilafu sawa. Kuiacha kwenye gari, hapana.

Kinachobaki ni ampea ileile, umbo lilelile. Angalia umbo kwa makini: zipo visu vikubwa, vidogo, na vidogo vyenye miguu mifupi, na aina hizo zinaweza kuchanganyika kwenye boksi moja. Rangi za visu ni hizi: kahawia 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Lakini zile za kisanduku, ndefu za mraba, zina rangi zake. Huko kijani ni 40 na waridi ni 30. Soma namba, usiamini rangi.

Mama_Spea

Nyongeza dukani: kwenye paketi za rangi mchanganyiko linganisha ya 5 na ya 20. Kiwaya cha ndani cha 20 lazima kiwe kipana zaidi. Vikilingana, acha paketi hiyo. Na zile kubwa zilizofungwa kwa bolti, kama ya ALT (alternata), hazing'olewi kwa koleo. Toa kwanza hasi ya betri kwa spana namba 10. Mtu akikosea kubusti, akapishanisha chanya na hasi, mara nyingi hiyo ndiyo inaondoka, kwa sababu umeme ukigeuzwa hivyo, dayodi za alternata zinauachia upite moja kwa moja badala ya kuuzuia.

Waya_Mbili

Turudi kwa TAIL. Usiendelee kuchoma fyuzi kutafuta shoti. Chukua balbu ya breki ya wati 21 na holda yake. Chukua fyuzi iliyoungua, chomelea waya mmoja kwa risasi kwenye kila mguu wake. Tayari una plagi inayoingia mahali pa TAIL. Washa taa ndogo. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote kuna shoti, na haitapita zaidi ya ampea 1.75 au hivyo, waya wako uko salama. Tikisa nyaya kipande kwa kipande huku ukiitazama.

Dira_Umeme

Hapo pana mtego, Waya_Mbili. TAIL inalisha balbu nyingi za wati 5. Nane tu ni wati 40, zaidi ya ile 21 ya kupimia, kwa hiyo volti nyingi zinaangukia kwenye balbu ya kupimia na inawaka sana hata bila shoti yoyote. Mtu ataikimbiza shoti isiyokuwepo.

Kwanza toa balbu zote ndogo: mbele, nyuma, na za namba. Balbu ya kupimia ibaki na mwanga hafifu tu unaotokana na taa za dashibodi. Hapo ndipo ikiruka ghafla na kuwaka kwa nguvu, umegusa penyewe.

Waya_Mbili

Sahihi kabisa, nakubali. Balbu zitoke kwanza.

Kisu_Cha_Bluu

Kwa Noah nianzie wapi? Redio. Magari haya yanatoka Japani na redio za FM zinazoanzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu zinakwenda hadi 108, hivyo mengi yameshabadilishiwa redio. Redio ya kununua ina waya wa rangi ya chungwa, au chungwa wenye mstari mweupe, wa kufifisha mwanga taa zikiwashwa. Unaunganishwa na TAIL. Fundi akiuunga na kuufunika vibaya, au akiuacha ncha wazi upande wa gari, unagusa chuma nyuma ya redio kila gari linaporuka tuta. Vuta redio, tazama huo kabla ya kitu kingine.

Mkwajuni_Noah

Redio imevutwa, waya wa chungwa umefunikwa vizuri na hauna mchubuko. Balbu ndogo zimetolewa, ya kupimia ina mwanga hafifu kama alivyosema Dira_Umeme. Mlango wa nyuma ukifika nusu ya kufunguka inawaka kabisa, ukifika juu inafifia.

Dira_Umeme

Umeshaipata. Kati ya paa na mlango wa nyuma, karibu na bawaba, kuna mpira wenye mikunjo unaopitisha nyaya za taa za namba, wipa ya nyuma na kioo cha kupasha joto. Nyaya hujikunja mahali palepale kila mlango unapofunguliwa, ganda linapasuka.

Toa hasi ya betri. Vuta mpira pande zote mbili kwa vidole. Bisibisi itautoboa na maji yataingia. Chunguza kila waya, siyo ule uliokatika tu, maana ukiona mmoja umepasuka jirani zake wako njiani. Kata sehemu iliyokakamaa, kama sentimita 5, uunge waya mpya laini wenye nyuzi nyingi, unene uleule au zaidi kidogo, na uache urefu wa ziada. Maungio yakae nje ya mkunjo, upande wa paa na upande wa mlango, tena yapishane ili yasirundikane mahali pamoja. Chomelea kwa risasi, vika mrija unaonywea kwa joto. Tepu nyeusi peke yake inaachia gundi kwenye joto la paa.

Rudisha mpira, rudisha betri, iache balbu ya kupimia bado iko kwenye TAIL. Fungua na kufunga mlango mara kumi, taa ndogo zikiwa zimewashwa. Isiporuka hata mara moja, rudisha balbu zako zote, kisha chomeka nyekundu ya 10.