Naombeni ushauri: binti kaangalia filamu ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, sasa hataki kwenda jumuiya

BabaTeddy: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni Mlutheri, mke wangu Mkatoliki, watoto wanasali kwa mama yao. Haijawahi kutusumbua.

Jumamosi niliweka *Elizabeth*, ile ya 1998 aliyocheza Cate Blanchett. Nilitaka binti yangu wa kidato cha tatu amwone msichana wa miaka 25 anavyokabidhiwa nchi huku wazee wakimkazania aolewe. Nikasahau inavyoanza. Mwanamke ananyolewa kwa nguvu, damu zinamchuruzika kichwani, kisha yeye na wenzake wanafungwa kwenye nguzo na kuchomwa wakiwa hai. Wanaochoma ni Wakatoliki.

Jumapili asubuhi akakaa kitandani na nguo za kulalia. "Baba, kumbe sisi ndio tulikuwa tunachoma watu?" Jumuiya ya wiki hii hakwenda. Mama yake anaona nimefanya makusudi. Nimwambie nini mtoto bila kumdanganya?

Nyakato: Usimwambie ni uongo, maana si uongo. Malkia Mary, dada wa Elizabeth kwa baba, alichoma Waprotestanti karibu 280 kati ya 1555 na 1558. Kinachonikera ni upande ambao filamu imeunyamazia. Elizabeth naye, Mprotestanti, alitawala miaka 44, na mapadre zaidi ya 100 wakauawa.

Msimulie habari za Margaret Clitherow wa York, ambaye mumewe alikuwa na bucha. Alikuwa akiwaficha mapadre nyumbani. Alipokamatwa mwaka 1586 alikataa kujibu mashtaka, wanawe wasije wakalazimishwa kumtolea ushahidi. Wakamlaza chini, wakamfunika kwa mlango, wakarundika mawe juu yake hadi akafa. Mwaka 1970 akatangazwa mtakatifu. Binti akimjua huyu, hatakuwa na sababu ya kuona aibu jumuiyani.

Kidato_cha_Sita: Naongezea, mkuu. Filamu imebana miaka mno. Yule padri muuaji, John Ballard, kweli aliingia kwenye njama ya kumuua Elizabeth, ila ilikuwa 1586, Elizabeth ana miaka 28 kwenye kiti. Na Cecil, yule mshauri wake mzee anayestaafishwa, alikuwa na miaka 38 tu Elizabeth alipoanza kutawala, akamtumikia hadi kifo chake 1598. Mweleze pia kwamba Papa alimtenga Elizabeth na Kanisa mwaka 1570, na tangu hapo kila Mkatoliki akatazamwa kama msaliti wa nchi. Dini na kiti cha enzi vilishafungwa kamba moja.

MamaWawili: Shemeji, anza na mke wako. Mwombe radhi kwa kutomshirikisha, halafu mwongee na mtoto mkiwa wote wawili. Mimi nimehiji Namugongo, Uganda. Pale tarehe 3 Juni 1886 Kabaka Mwanga aliwachoma Wakatoliki na Waanglikana pamoja, na leo wote wanahiji huko siku hiyohiyo. Familia kama yenu inahitaji kuisikia hiyo.

BabaTeddy: Nashukuruni sana. Jana nilimwomba radhi mama yake, tukakaa watatu mezani. Nilipofika kwa Margaret binti akanikatiza: "Na wale watoto wake walibaki na nani?" Mama yake akamshika mkono. Ameomba tuiangalie tena filamu hiyo Jumamosi, safari hii naye akiwepo.