Uliwahi kumuuguza mgonjwa asiyeweza kuongea? Tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu, leo wodini nimemsikia mtu akimfokea mgonjwa, "UNATAKA NINI?" Mgonjwa ana mpira wa kupumulia kooni, masikio yake mazima kabisa. Nimemkumbuka mzee wangu, usingizi umekata. Nyie mliwezaje?

Binti Mkubwa: Baba aliwekewa mpira wa kupumulia baada ya upasuaji. Usiku wa pili akawa anagonga chuma cha kitanda mfululizo. Nikamuuliza maji? maumivu? choo? Yote kwa mkupuo. Machozi yakamtoka. Wakasema amechanganyikiwa, wakamfunga mikono, na mimi nikasaidia kumshika. Roho inaniuma hadi leo. Asubuhi akaja nesi mwingine, ameandika herufi kwa kalamu nene nyuma ya boksi la glovu. Kwanza akamvalisha miwani! Siku mbili hakuna aliyeikumbuka. Akawa anapitisha kidole, baba anapepesa jicho. K. I. S. I. G... Tukafunua shuka: kisigino kimebanwa kwenye chuma, kimetoka lengelenge.

Tuko Pamoja: Pole sana dada. Sisi tulisahau kifaa chake cha kusikia.

Mzee wa Hoja: Basi kila mgonjwa apewe herufi, yaishe.

Nesi Mstaafu: Hapana mkuu. Mwenye mpira hewa haipiti kwenye nyuzi za sauti, lakini lugha anayo. Kiharusi kinaweza kuigusa lugha yenyewe: herufi hazisomeki, na anaitikia "ndiyo" kumbe anakataa. Huyo mpe picha na ishara, kisha geuza swali umuulize tena.

Mzee wa Hoja: Mama yangu alipata kiharusi na aliandika vizuri tu. Usiwaweke kapu moja.

Nesi Mstaafu: Nimesema *kinaweza*. Ndiyo maana unampima kwanza.

Kaka Mdogo: Mgonjwa wetu alibaki anaweza kusogeza macho tu. Juu ndiyo, chini hapana. Andikeni karatasi mbandike juu ya kitanda, maana zamu ikibadilika mnaanza upya.

Tuko Pamoja: Na msimmalizie neno, inaudhi.

Kaka Mdogo: Wetu alitaka tumalizie, alikuwa anachoka haraka. Muulize mwenyewe.

Mleta mada: Binti Mkubwa, mzee aliendeleaje?

Binti Mkubwa: Alipona. Mpira ulipotoka, sauti inakwaruza, akaniambia: "Mwanangu, uliuliza matatu kwa pamoja. Ningejibu lipi?"