Kutu ya kahawa na chura wa Kihansi: nalinganishaje?

Kidato5_PCB: Wakuu, shikamooni. Mwalimu katupa kazi: linganisha fangasi wa kutu ya majani ya kahawa na chura wa Kihansi. Tangu jana nimeandika mstari mmoja, "chura anaruka, fangasi haruki", nikakwama. Fangasi si mmea tu jamani?

MzeeWaMibuni: Marahaba. Kwanza futa hilo la mmea. Ukuta wa seli zake una kaitini, kama gamba la mende, na akiba yake ya chakula ni glaikojeni kama ya wanyama, si wanga kama wa mimea. Kwa nasaba yuko karibu na chura kuliko na mbuni anaoula!

Nimekulia kwenye kahawa. Geuza jani, pangusa upande wa chini kwa kidole gumba: kinabaki na unga wa rangi ya chungwa. Hizo ndizo spora, chembe zake za kuzaliana. Zikitua pakavu hazioti. Zinataka maji yaliyotuama juu ya jani, ndipo zipenye kwenye stomata, vile vitundu vya jani vya kupitishia hewa, na kunyonya seli zilizo hai. Jani likifa, naye kwisha.

Sasa chura wako, asiyefika hata sentimita 3. Naye ni wa maji, ila si ya kuogelea: rasharasha ya maporomoko tu. Hatagi, anazaa vichura kamili, kwa hiyo dimbwi la nini? Hapo ndipo ungeanzia, wote wawili roho zao ziko kwenye unyevu. Ila kutu ilishaitesa Sri Lanka tangu 1869, na Brazil ikafika 1970. Chura alikuwa na kama hekta 2 tu za korongo moja, la Mto Kihansi, kule milima ya Udzungwa, Tanzania. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, rasharasha ikakata, ikabidi yawekwe mabomba ya kunyunyizia maji.

BintiKorongo: Mzee umeruka jambo. Idadi ilipoporomoka 2003, vyura walikutwa na fangasi wa ngozi, kitridi. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Waliorudishwa kuanzia 2012 ni uzao wa wale waliokuwa wamepelekwa Marekani kufugwa kabla hawajatoweka.

Kidato5_PCB: Kumbe! Kitridi ndiyo kutu hiyohiyo?

BintiKorongo: Hapana, usije ukachanganya kwenye mtihani. Spora za kitridi zina mkia, zinaogelea. Za kutu hubebwa na upepo na matone ya mvua.

Kidato5_PCB: Asanteni. Ule mstari wa kuruka niuache?

MzeeWaMibuni: Ufute. Spora nazo zinaruka, tena mbali kuliko chura.