Nyuzi za marehemu bibi zinakatika hovyo na sweta ya mtoto imesinyaa: naombeni ushauri

SindanoMbili (Njombe)

Habarini za leo wadau. Shikamooni wakubwa zangu.

Bibi yangu mzaa mama alitutoka mwaka jana. Alifuma sweta za shule kwa sindano za mkono karibu maisha yake yote ya utu uzima, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia uzi wakati anaukunja donge. Siku ya kugawana vitu vyake wengine walichukua mashuka na masufuria, mimi nikaomba kiroba cha nyuzi zilizobaki. Kilikuwa kimekaa darini miaka mingi. Ndani kuna bluu iliyokoza, damu ya mzee, kijani na rangi ya maziwa, madonge makubwa kwa madogo, mengine hayazidi ngumi ya mtoto.

Mdogo wangu anatarajia kujifungua mwishoni mwa Julai, na mnaijua baridi ya huku mwezi huo. Nikasema huyu mtoto atavaa uzi wa bibi. Nimekaa nao wiki tatu, na haya ndiyo yaliyonikuta.

Kwanza, bluu inakatika. Navuta donge, baada ya hatua mbili nakuta ncha, nafunga fundo, naendelea kidogo, ncha tena. Penye uzima uzi ni imara, ila hizo ncha zimechakaa kama zilizotafunwa. Mgongo peke yake una mafundo 31, nimeyahesabu, na mengine yamejitokeza upande wa nje.

Pili, bluu iliniishia mkono wa kulia ukiwa nusu. Nikachukua donge lingine la bluu humo humo kirobani. Usiku chini ya taa niliona ni rangi moja. Asubuhi nimetoka nao barazani, nusu ya mkono inaelekea weusi na nusu inaelekea zambarau.

La tatu ndilo lililonitoa machozi. Vipande vilikuwa na harufu ya dari, nikaona nivifue kabla ya kuviunganisha. Maji ya moto, sabuni ya unga, nikafikicha kama ninavyofua nguo nyingine. Mgongo na kifua vikasinyaa na kukakamaa, hata vitanzi havionekani. Mkono wa kushoto hivyo hivyo. Ule wa kulia ndio wa ajabu: kuanzia kiganjani hadi katikati umebana, kuanzia hapo hadi begani uko vilevile, umekuwa kama tarumbeta. Halafu damu ya mzee ya kwenye bendi imechuja, mistari miwili ya maziwa kifuani sasa ni ya waridi.

Je, nifumue nianze upya? Kilichosinyaa kinarudi? Na hizo nyuzi zilizobaki zinafaa, au ndiyo basi tena? Naomba kuwasilisha.

KariakooKilaWiki

Pole dada. Mimi ningeweka kiroba pembeni nikanunua uzi mpya. Uzi wa zamani unakula muda kuliko fedha unayookoa, na mtoto hasubiri. Kumbukumbu ya bibi ibaki kwenye zile sindano zake.

FundiMakambako

Nafuma kwa mashine, nakusemea la rangi. Hata madonge mawili ya kiwanda kimoja yenye jina moja la rangi hayafanani yakiwa yametiwa rangi siku tofauti. Uzi mpya ukiwa na karatasi yake utaona namba mbili, moja ya rangi na nyingine ya mkupuo wa kutia rangi. Ya pili ndiyo watu hawaiangalii. Usiku usilinganishe kabisa, toka nayo nje kwenye mwanga wa jua.

Ukishajua kwamba zinatofautiana kidogo, usisubiri moja iishe ndipo uingize nyingine. Fuma mistari miwili kwa donge hili, miwili kwa lile, tangu mwanzo hadi mwisho. Jicho halitaona mpaka. Na mikono fuma yote miwili kwa wakati mmoja kwenye sindano moja, kila mkono na donge lake. Uzi ukipungua, inapungua sawa.

MamaLushoto

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na bibi.

Mambo yako yote matatu yana mzizi mmoja, nawe umeshaugusa. Umesema ncha kama zimetafunwa. Zimetafunwa kweli. Hiyo ni kazi ya nondo. Si yule kipepeo mdogo wa rangi ya mchanga unayemwona kabatini, yeye anataga tu. Wanaokula ni viwavi vyake. Na viwavi hao wanafuata sufu, manyoya, nywele, kitu kilichotoka mwilini mwa mnyama. Akriliki, uzi wa kiwandani usiotoka kwa mnyama, hawana haja nayo. Kwa hiyo bluu yako ya kwanza ni sufu ya kondoo, na ile ya pili, iliyokaa nayo kiroba kimoja miaka yote isiguswe, mimi naamini ni akriliki.

Sasa utaona kwa nini mkono wa kulia umekuwa tarumbeta. Unywele wa sufu una magamba madogo sana usiyoweza kuyaona kwa macho. Ukiupa maji ya moto, sabuni na kufikicha kwa pamoja, magamba yanashikana na hayaachiani tena. Akriliki imetengenezwa kiwandani, haina magamba, ikabaki vilevile. Ulifuma nguo moja kwa vitu viwili ambavyo haviwezi kufuliwa kwa namna moja.

Kilichosinyaa hakirudi. Usikifumue, utavuta mpaka uzi wenyewe ukatike na moyo wako uumie zaidi.

Kabla hujashika sindano tena, pima kila donge kwa moto. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibano, beseni la maji liwe chini yake, dirisha wazi, na wasiwepo watoto karibu. Sufu inaungua kwa shida, ukiitoa kwenye moto inazima yenyewe, inanuka nywele zilizoungua, na jivu lake linapondeka ukiligusa. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba inawaka upesi kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Andika matokeo kwenye kijikaratasi ufunge kwenye donge.

Na mafundo uache. Sufu haihitaji fundo. Chambua ncha zote mbili kama sentimita tano, zilaze zikipishana juu ya kiganja, zilowanishe, kisha sugua viganja kwa nguvu mpaka usikie joto. Ni kule kugandamana kulikokuharibia sweta, hapa kunakuungia uzi. Ukiona hazishiki hata kidogo, ujue hiyo ni sufu iliyotiwa dawa kiwandani isigandamane, au ina mchanganyiko. Hapo badilisha uzi pembeni mwa kipande, usibadilishe katikati ya mstari, uache mkia mrefu wa kushonea ndani.

Nondo nao usiwaache. Kung'uta kila donge juani. Kama kuna jirani mwenye friza, funga madonge kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa, yakae humo wiki mbili. Usipofanya hivyo unamfumia mtoto nguo yenye mayai ndani.

Limuru7000

Hamjambo kutoka Kenya. KariakooKilaWiki, nakuheshimu lakini hapo sikubaliani na wewe. Huku wamama wengi wanaosuka kiondo, kile kikapu chetu, waliacha mkonge kitambo wakahamia nyuzi, na wengi huzipata kwa kufumua sweta za mitumba. Uzi uliotumika bado ni uzi. Kinachotakikana ni kuurudisha kwa hali yake.

Ukishafumua, usikunje donge moja kwa moja, kwa sababu uzi bado umejikunja kama nywele zilizofumuliwa. Zungusha kwa mgongo wa kiti, ufunge kamba mahali panne bila kukaza, uloweke kwa maji ya uvuguvugu, usifikiche, kisha uanike. Ukikauka umenyooka. Ukifuma na ule uliojikunja, vitanzi vitakuwa vikubwa na vidogo na hutajua kosa liko wapi.

Na kile kifua kilichoganda, dada, kisitupwe. Sufu ikishagandamana unaikata kwa makasi na haifumuki. Chora unyayo wa kichanga juu ya karatasi, kata soli mbili na vipande vya juu, shonea pamoja. Viatu vya ndani hivyo, na ni joto sana. Mimi nilifanyia wangu vya aina hiyo na alivivaa mpaka vikamwisha mguuni.

MkungaIringa

Naomba niongeze jambo, maana naona tunazungumzia uzi na tumemwacha mtoto.

Nyumba nyingi za huku nyanda za juu msimu huu jiko la mkaa linawashwa, na mama anakaa karibu nalo na kichanga. Akriliki ikishika moto inayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Sufu haifanyi hivyo. Sisemi akriliki isitumike, ila aliyeivaa asiwe karibu na jiko. Na jiko lenyewe lisiachwe likiwaka kwenye chumba kilichofungwa, hewa yake inaua.

La pili, geuza kila kipande uangalie ndani. Mikia ya uzi iliyolegea, au uzi unaopita nyuma kutoka rangi moja kwenda nyingine, humnasa mtoto kidole. Uzi unajizungusha, damu haipiti, naye hawezi kukuambia, analia tu. Kwa kichanga heri mfumo usio na michoro ya rangi nyingi.

La tatu, sufu inawasha. Isiguse ngozi moja kwa moja, itanguliwe na nguo ya pamba.

SindanoMbili (Njombe)

Nimesoma yote mara mbili, nyingine nimemsomea mama kwa sauti. Asanteni sana. Dada wa Kariakoo, hata wewe asante, najua unanihurumia, ila kiroba siwezi kukiacha.

Jana jioni nimekaa uani na mshumaa na beseni. Nimepima madonge 14. Mama Lushoto, ni kama ulivyosema: bluu iliyotafunwa imezima yenyewe na harufu ya nywele ikajaa uani. Bluu ya pili imeyeyuka. Damu ya mzee na maziwa ni sufu, kijani ni akriliki. Nimepima uzito kwa mzani wa dukani: bluu ya sufu gramu 110, damu ya mzee 140, maziwa 85. Akriliki zote kwa pamoja 250.

Nimejaribu kuunga kwa viganja. Mara ya kwanza nilisugua kidogo tu, ikaachia. Mara ya pili nikasugua mpaka mikono ikauma, nikavuta, ikashika! Nimeutafuta muungo kwa vidole nisiuone. Nilitamani bibi awepo nimwonyeshe.

Sasa naogopa kurudia sweta. Gramu hizo zinatosha nini? Na damu ya mzee naifanyaje isichuje tena? Sindano zake zimeandikwa 8 na 10 tu.

MamaLushoto

Vizuri sana mwanangu.

Sweta ya kichanga ingekula kama gramu 100 hadi 150 za uzi wa unene huo, kwa hiyo uzi unao. Lakini mtoto ataivaa miezi mitatu imembana. Mimi ningefuma blanketi. Una gramu 335 za sufu, zinatosha blanketi la kumfunikia mgongoni mwa mama yake, na akikua atalilalia.

Anzia kwenye pembe moja, usianzie ukingoni. Anzisha vitanzi vitatu. Kila mwanzo wa mstari ongeza kitanzi kimoja, fuma mshono ule ule mmoja kwenda na kurudi. Kipande kitapanuka kama kanga iliyokunjwa pembetatu. Hapa ndipo mzani utakusaidia: kila jioni pima uzi uliobaki. Ukishatumia kama gramu 165, acha kuongeza, anza kupunguza kitanzi kimoja kila mwanzo wa mstari hadi virudi vitatu, ufunge. Uzi hauwezi kukuishia njiani, kwa kuwa nusu ya pili inakula sawa na ya kwanza. Ningekuwa mimi ningeweka maziwa katikati pale palipo papana, bluu na damu ya mzee pembeni.

Sindano tumia namba 8. Hizo ni namba za zamani za Waingereza, na kwao namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba: 8 ni milimita 4, 10 ni milimita 3.25. Blanketi likifumwa kwa 10 litakaza.

Damu ya mzee iloweke kabla ya kufuma, maji ya uvuguvugu na siki, usifikiche. Mwaga, weka mengine, hadi yatoke meupe. Kisha funga kipande kibichi ndani ya kitambaa cheupe usiku kucha. Kitambaa kikipata doa asubuhi, hiyo rangi iache, fuma bluu na maziwa tu hata kama blanketi litakuwa dogo.

SindanoMbili (Njombe)

Maji ya nne yametoka meupe, na kitambaa leo asubuhi hakina doa. Mfuko wa nyuzi uko kwenye friza la jirani hadi Jumamosi ijayo, nimeuandika jina kubwa wasije wakadhani ni nyama. Viatu nimekata leo kwenye kile kifua, Limuru7000, na kwa kweli hakifumuki. Mstari wa waridi umeangukia juu ya vidole, mama kaupenda.

Swali la mwisho: blanketi likichafuka, mdogo wangu alifueje?

MamaLushoto

Maji ya baridi na sabuni ya kuogea kidogo, likae humo robo saa. Alibonyeze kwa viganja, asifikiche wala asikamue kwa kulisokota. Alikunje ndani ya taulo alikanyage taulo litoke maji, kisha alitandaze kivulini juu ya mkeka. Asilitundike kambani likiwa bichi, litavutika upande mmoja.