Naguna kila nikivuta forihendi, ukumbini wamenichoka. Nifanyeje?

TudorForihendi
Assalam aleikum wakuu, na nyote hamjambo. Mimi hucheza mpira wa meza jioni nikitoka kazini, ukumbi mmoja huku kisiwani Mombasa, upande wa Tononoka. Umri umeshakwenda lakini forihendi, lile pigo la upande wa mkono ulioshika raketi, bado ipo. Tatizo ni sauti. Mpira mwepesi nacheza kimya kabisa, nikivuta topspini (pigo la kuuzungusha mpira kwenda mbele) ya kumaliza pointi, mguno unanitoka, "hngh!" Sikusudii, unakuja na mkono.

Zamani walikuwa wakicheka tu. Siku hizi kuna kijana hunigeza mbele za watu, na juzi mzee wetu wa ukumbi, mtu ninayemheshimu, aliniita pembeni akaniambia taratibu, "Mwanangu, wenzio wanasema hawausikii mpira ukigonga raketi yako. Hebu jizuie." Nikajizuia. Basi nikifunga mdomo mkono unakuwa mzito, mipira inaishia wavuni, na ikifika seti ya tatu natweta, kichwa chepesi, naona nyota. Na ukumbi wenyewe mnaujua: madirisha yamefungwa, pangaboi zimezimwa, maana mpira ni gramu 2.7 na upepo kidogo tu unauhamisha. Kwa kaskazi hii, fulana unaikamua.

Kuguna ni kosa kisheria? Na kama nitanyamaza, nipumue vipi? Mashindano ya ukumbi yako karibu na wanangu watakuja kutazama. Sitaki kuoneshwa kadi mbele yao.

Mkunguni
Yakhe, guna! Wanaolalamika ni hao unaowapiga. Anza kupigwa wewe, uone kama kuna atakayeusikia mguno wako.

RefaMstaafu
Bwana Tudor, sheria za ITTF, shirikisho la mpira wa meza duniani, hazitaji mguno popote. Kilichomo ni kifungu cha mwenendo: mchezaji ajiepushe na tabia inayoweza kumwathiri mpinzani isivyo haki. Mwamuzi akitaka kukushika atakushikia hapo. Mara ya kwanza ni kadi ya njano. Ukirudia katika mechi hiyohiyo, njano na nyekundu zinainuliwa pamoja na mpinzani anapewa pointi 1. Ukiendelea, pointi 2.

Nilipokuwa nikichezesha, nilikuwa nasikiliza jambo moja tu: je, sauti inatoka kwenye kila pigo zito tangu mwanzo, au imezaliwa ubao ulipofika 10-9, seti ikikaribia kwisha? Hiyo ya pili sikuwa naiachia.

Lakini maneno ya mzee wako usiyapuuze, ndugu yangu. Mpira huu unachezwa kwa masikio pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walikuwa na raketi yenye raba (utando unaogusa mpira) mbili tofauti kwa tabia lakini rangi moja. Anaigeuza chini ya meza, kisha wakati wa kusevu, yaani kuanzisha mpira, anapiga mguu chini kwa kishindo usisikie ni raba ipi imegusa mpira. Vurugu hizo ndizo zilizoleta sheria ya rangi mbili. Leo upande mmoja lazima uwe mweusi na wa pili rangi angavu. Sasa wewe mguno wako unatoka wakati uleule raketi inapogusa. Wenzio wana hoja.

BintiMvita
Sasa Harimoto, yule mchezaji wa mpira wa meza wa Japani, mbona hupiga ukelele ukumbi mzima ukatikisika na hafukuzwi?

RefaMstaafu
Mwanangu, Harimoto hupiga ukelele pointi ikishakwisha. Mpira ukiwa umekufa hakuna anayezuiwa kuusikia. Akizidisha, naye ataoneshwa kadi kama wengine.

SistaWaZamu
Kaka Tudor, mimi nimekwama hapo kwenye "naona nyota", hiyo kadi baadaye. Ukibana pumzi huku unatumia nguvu, kifua na tumbo vinakaza, presha inapanda ghafla, na damu inayorudi moyoni inapungua. Ukiachia, presha inashuka, ndipo kichwa kinakuwa chepesi. Mguno wako ndio uliokuwa unatoa hiyo hewa. Umeambiwa uzuie sauti, wewe ukazuia na hewa yenyewe.

Kapime presha kabla ya mashindano, tafadhali. Na kifua kikibana, au kizunguzungu kikija hata umekaa kitako, wacha raketi umwone daktari. Maji anza kunywa kabla hujaingia ukumbini, usingoje kiu. Kwenye unyevu wa hapa jasho halikauki mwilini, kwa hiyo halikupozi, linakumaliza maji tu.

KochaLikoni
Sista ameshasema la afya, niongeze la mezani.

Mtazame hamali wa sokoni Marikiti akilitia gunia begani. Habani pumzi, anaiachia palepale gunia linapopanda. Sauti ni ziada. Forihendi ni hivyohivyo. Mkono ukirudi nyuma na goti likishuka, pumzi iingie puani yenyewe, usiivute hadi kifua kifure. Mkono ukianza kwenda mbele, itoe, na raketi inapogusa mpira iwe bado inatoka. Usiitoe yote. Ukiimaliza unabaki mtupu na mpira ndio huo unarudi.

Mguno hutoka koo likikaza, hewa inapenya kwa nguvu kwenye njia iliyofungwa nusu. Kwa hiyo usifunge mdomo, legeza koo. Simama mbele ya kioo upige mikono mitupu bila mpira, ukitoa "fff" kwenye midomo. Halafu mwenzio akulishe mipira polepole kutoka kwenye ndoo, kila mpira "fff". Mara itageuka "hngh". Hapo simama palepale, usiguse kitu, ujikague: utakuta vidole vimeuminya mpini hadi kucha zimekuwa nyeupe, na meno yameumana. Legeza vidole na taya, mguno wenyewe utapungua kabla hujagusa habari ya pumzi. Hii nimeiona kwa wachezaji wengi, hasa watu wazima waliojifunza kwa nguvu.

Tena, mkiwa mnagongana karibu na meza usitake kupumua kwa kila pigo. Mpira huko unakwenda na kurudi chini ya sekunde moja, utapumua hadi uzimie. Toa pumzi moja nyembamba, ipitishe mapigo mawili matatu. Pigo la kumaliza ndilo lipewe pumzi yake peke yake.

Na usitegemee kunyamaza kwa siku moja. Kwenye mashindano ya tenisi ya Wimbledon 1992, Martina Navratilova alilalamikia miguno ya Monica Seles kwenye nusu fainali. Fainali Seles akaicheza karibu kimya, Steffi Graf akamtandika 6-2, 6-1.

Mkunguni
Kocha, Graf kwenye nyasi angempiga hata Seles angeimba taarabu!

KochaLikoni
Huenda. Lakini fainali si mahali pa kuanza kujifunza kupumua upya.

BintiMvita
Nimetafuta kidogo. Kwenye tenisi ya uwanjani kuna utafiti uliotoka 2014: wachezaji wa vyuo walipiga mipira ya kasi zaidi wakiguna kuliko wakinyamaza. Na mwingine wa 2010: waliotazama picha za video za mapigo, ikipigwa kelele wakati uleule wa pigo, walichelewa kutambua mpira unakwenda upande gani na walikosea zaidi. Na huko uwanja ni mkubwa. Meza yetu ina urefu wa mita 2.74 tu. Baba Tudor, wenzio hawakukuonea.

TudorForihendi
Ahsanteni sana. Presha nimepima, iko sawa, Sista usiwe na wasiwasi. "Fff" nimeijaribu jikoni na mwiko, mke wangu ameuliza kama kuna moto napuliza. Forihendi naona itakubali. Swali kwa Kocha: kwenye kusevu je? Hapo siguni lakini najikuta nimebana pumzi tangu nishike mpira.

KochaLikoni
Kusevu kazi iko kabla. Mpira ukae kwenye kiganja kilichofunguliwa, toa pumzi taratibu hadi mabega yashuke, ndipo uurushe zile sentimita 16 au zaidi. Usiurushe ukiwa umejaza kifua, mkono utaruka nao. Na taulo unaruhusiwa kila baada ya pointi 6: hata kama huna jasho, nenda kajifute, pumua mara mbili kwa pua, rudi. Watu huona ni taulo tu.

Mapigo ya bekihendi, yale ya upande wa pili, yaache kwanza. Hayo ni mafupi, ukitengeneza forihendi yatafuata.

Mkunguni
Na yule kijana anayekugeza?

KochaLikoni
Sevu fupi kwenye bekihendi yake. Atapata la kugunia.