Bosi anataka bustani ya Kijapani nyuma, na mbele ni michongoma ya mistari. Vitaelewana?

FundiMaua, Moshi
Wakuu, habari za jioni. Natunza bustani ya nyumba moja ya zamani huku Shanty Town. Mbele nimepanda michongoma kwa kamba, njia katikati, maua kulia sawa na kushoto. Sasa bosi kaona picha kwenye simu, anataka nyuma niweke ya Kijapani: bwawa, mawe, kidaraja. Naona ni kama kuvaa kanzu na koti la suti. Halafu huko nyuma ni mteremko, masika udongo wote unahamia kwa jirani. Nianzie wapi?

BibiShamba, Arusha
Mwanangu, kanzu na koti Pwani wanavaa kila siku na wanapendeza! Matajiri wa Marekani walishafanya hivyo zamani. Pale Maymont, Richmond, James Dooley na mkewe Sallie waliweka bustani ya Kiitaliano juu, ikamalizika 1910, mistari mitupu. Ya Kijapani wakaiweka chini, maporomoko ya maji yanakoangukia. Kwa hiyo huo mteremko unaoulalamikia ndio mtaji wako. Ya mbele mtu anaitazama akiwa barazani. Ya nyuma lazima aitembee, kila kona aone kingine. Huko usipige kamba. Na jiwe lifukie theluthi nzima, lisikae kama limedondoka kwenye tipa.

FundiMaua
Shikamoo mama. Maji je? Bili ya bomba inatisha. Mfongo, ule mfereji wa maji wa kijiji, unapita ubavuni, ila una zamu.

BibiShamba
Marahaba. Kule Cowden, Uskoti, Ella Christie alipotoka Japani alimwita Taki Handa wa Japani, mwanamke mwenzake, amchoree bustani mwaka 1908. Wakazuia kijito kikawa bwawa. Wewe usijaribu, wa zamu ya chini watakuja na majembe! Chukua maji siku yako tu, bwawa liwe dogo, weka perege wale viluwiluwi vya mbu.
Ila muulize bosi nani atabaki nalo. Cowden ilikuwa na Shinzaburo Matsuo, aliitunza kuanzia 1925 hadi alipofariki 1937. Mwaka 1963 wahuni wakachoma nyumba ya chai na madaraja.

FundiMaua
Nimemuuliza. Kasema nitabaki nalo mimi. Nikagusia mshahara, kasema "tutaongea".

BibiShamba
Basi kidaraja kisubiri hayo maongezi.