Kiharusi kisichojulikana chanzo: eko ya kifuani ni ya kawaida, kwa nini moyo upimwe tena?

Swali (kutoka Mwanza)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mdogo wangu ana umri wa miaka 41 na ni mvuvi wa upande wa Ukerewe. Mwezi uliopita aliamka akiwa hawezi kuongea, na mkono wake wa kulia ukiwa hauna nguvu. Kipimo cha CT cha kichwa kilionyesha kwamba sehemu mbili za ubongo, zinazolishwa na mishipa tofauti, zilikosa damu. Presha na sukari ni za kawaida, havuti sigara, vipimo vya VVU na kaswende havikuonyesha maambukizi, mishipa ya shingo haijaziba, na kipimo cha umeme wa moyo hakina hitilafu. Eko ya kifuani, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, nayo imeandikwa kuwa ya kawaida. Sasa daktari anashauri aende Dar es Salaam kufanyiwa eko ya kupitia umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) pamoja na kipimo cha mapovu. Baba anauliza kwa nini tutumie fedha kupima moyo ambao umekwisha kuonekana mzima, na wengine wanasema apewe tu dawa ya kulainisha damu, mambo yaishe. Ninaomba mnieleweshe ili nami niweze kuwaeleza wazee.

Jibu la 1 (daktari wa moyo)

Poleni sana, na mpelekee mzee salamu zetu. Swali lake ni la haki kabisa.

Takriban robo ya viharusi vinavyotokana na kuziba kwa mshipa hubaki bila chanzo kinachoeleweka baada ya vipimo vya kawaida. Kwa mdogo wako, jambo linalonifanya niushuku moyo ni hizo sehemu mbili zilizolishwa na mishipa tofauti, kwa sababu mshipa mmoja ulioharibika shingoni au kichwani kwa kawaida hudhuru eneo lake tu, ilhali bonge la damu linalotoka moyoni linaweza kukatika vipande na kusambaa.

Eko ya kifuani haikupotea bure. Ndiyo inayoonyesha vizuri vali (milango ya moyo) zilizokakamaa kwa sababu ya homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao bado unawaumiza vijana wengi wa Afrika Mashariki, pamoja na misuli ya moyo iliyodhoofika na, mara nyingi, bonge lililojishikiza kwenye chumba cha chini cha kushoto. Hayo kwake hayakuonekana, na ni habari njema. Hata hivyo, mawimbi ya sauti yanayopita kwenye mbavu na mapafu hayafiki vizuri nyuma ya moyo, na huko ndiko kilipo chumba cha juu cha kushoto pamoja na kijimfuko chake kidogo, mahali ambapo damu hupenda kutuama na kuganda. Umio unapita nyuma ya chumba hicho hasa, kwa hiyo kifaa kikiwa ndani ya umio huona kijimfuko, ukuta unaotenganisha vyumba vya juu, vijiota vya maambukizi kwenye vali, na utando wa mafuta kwenye mshipa mkuu, kwa uwazi ambao eko ya kifuani haiwezi kuufikia.

Kuhusu dawa ya kulainisha damu, ninaomba wazee wanisikilize kwa makini, maana wazo hilo lilijaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa. Tafiti kubwa za rivaroxaban (2018), dabigatran (2019) na apixaban (2024) zililinganisha dawa hizo na aspirini kwa watu wenye viharusi vya namna hii, na hakuna hata moja iliyozuia kiharusi kurudi kuliko aspirini. Katika ule wa rivaroxaban, waliovuja damu waliongezeka. Dawa hizo husaidia sana pale chanzo kinapojulikana, kwa mfano bonge lililoonekana au mapigo ya moyo yaliyovurugika. Tunapima ili tujue nani anazihitaji.

Jibu la 2 (mtaalamu wa eko)

Niongeze kuhusu mapovu. Maji ya chumvi huchanganywa na hewa kidogo sana, yakatikiswa, kisha yakapigwa kwenye mshipa wa mkono huku mgonjwa akitakiwa ajikamue na kuachia pumzi. Mapovu hujaza upande wa kulia wa moyo na kwa kawaida huishia kwenye mapafu. Yakionekana upande wa kushoto ndani ya mapigo matatu hivi, kuna kitundu kati ya vyumba vya juu, kile kiitwacho PFO. Yakichelewa, tunashuku njia iliyo ndani ya mapafu.

Kitundu hicho kila mtoto huwa nacho tumboni mwa mama, na kwa mtu mzima mmoja kati ya wanne hakifungi kabisa. Kwa hiyo kukiona si sawa na kumkamata mkosaji. Kwa mtu wa chini ya miaka 60 asiye na sababu nyingine, kukiziba kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja hupunguza hatari ya kiharusi kurudi, kama tafiti zilizochapishwa mwaka 2017 zilivyoonyesha.

Atafunga kula kwa saa sita hivi, na koo litapuliziwa dawa ya ganzi. Ninaomba mtueleze mapema kama anapaliwa anapomeza, kama ana ugonjwa wowote wa umio, na, kwa kuwa ametoka visiwani, kama amewahi kuugua kichocho cha tumbo au kutapika damu.

Jibu la 3 (Mombasa)

Mama yetu, mwenye miaka 66 na presha ya siku nyingi, alikutwa na kitundu hicho, nasi tukataka kizibwe mara moja. Daktari alikataa, akamfunga kifaa cha kurekodi mapigo kwa wiki kadhaa, na ndipo mapigo yaliyovurugika yalipoonekana. Ulizeni pia kuhusu kurekodi mapigo kwa muda mrefu, kwa sababu kipimo cha dakika moja hakitoshi.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Mwaka jana alitapika damu na akatibiwa kichocho, lakini hospitali ya sasa hatukuwaambia.

Jibu la 1 (daktari wa moyo)

Waambieni leo. Kichocho kinaweza kuvimbisha mishipa ya umio, na kuupitishia kifaa bila kuichunguza kwanza kwa kamera ya tumbo ni hatari. Mishipa ikikutwa imevimba, CT ya moyo yenye dawa ya kung'arisha huona kijimfuko vizuri, na mapovu yanaweza kufanywa kwa eko ya kifuani. Ulizeni pia kuhusu aspirini anayotumia sasa, ila asiiache kabla daktari wake hajaamua.